Upande wa Ndani wa Msalaba

"Usishike huko mbele," Awiti alisema. "Mbele kila mtu ameona. Pindua."

Kageha aliipindua kanzu juu ya meza ya mashine. Ilikuwa kanzu nyeupe ya tetroni, imefuliwa ikafuliwa mpaka viwikoni ikaanza kung'aa. Kifuani upande wa kushoto ulisimama msalaba mwekundu, ncha zake nne zimenyooka kama zilizopigwa kwa rula. Kageha aliitambua kazi yake. Mwaka juzi alikuwa amedarizi misalaba ya kanisa zima la kina Awiti, hamsini na tatu, na wakati huo alijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna hata mmoja uliokunjamana.

"Sasa weka mkono. Si vidole, vidole vyenu mafundi vimekufa ganzi. Weka hapa." Awiti aligusa ngozi laini ya ndani ya mkono wake mwenyewe, karibu na kiwiko.

Kageha alikunja mkono wa sweta akalaza mkono wake juu ya mgongo wa ule msalaba. Awiti akaivuta kanzu kidogo, polepole, kama inavyojivuta yenyewe mtu anapotembea. Mara ya kwanza Kageha hakusikia kitu. Mara ya tano akasikia. Mara ya kumi akautoa mkono, akaona mstari mwembamba mwekundu umechoreka kwenye ngozi yake nzima, isiyo na kidonda wala kovu.

Awiti alifungua kifungo cha juu cha blauzi, akamwonyesha.

Watu wa Lindi, mtaa mmoja wa Kibera, walimjua Awiti kama Mama Tonny, muuza dagaa wa omena wa pale njia inapogawanyika. Mwezi wa kumi mwaka jana stovu ya mafuta ilimlipukia akipika uji. Hospitali alikaa wiki saba. Aliporudi, ngozi ilikuwa imekwisha kushikana, kuanzia chini ya shingo mpaka juu ya ziwa la kushoto, iking'aa na kupindapinda kama nailoni iliyokaribia moto. Haikuuma tena, alisema. Ilichagua tu cha kukataa. Maji ilikubali, jua ilikubali kidogo. Msalaba ilikataa.

Na kanisani kwao msalaba hauvaliwi popote mtu apendapo. Unakaa kushoto, juu ya moyo. Asiye nao haingii mstarini. Jumapili wanapozunguka mtaa na ngoma na bendera, yeye hufuata nyuma pamoja na wageni na watoto. Awiti alikuwa amebeba bendera miaka kumi na moja. Sasa huu ulikuwa mwezi wa tano akitembea nyuma, akiangalia visigino vya watu.

"Jumapili hii wanapanga mstari," alisema. "Hupangwa mara moja kwa mwaka. Utakaposimama siku hiyo, ndipo pako mpaka mwaka mwingine. Kanzu mpya nimeshashonewa, iko nyumbani, haina kitu kifuani. Nataka msalaba ambao sitausikia. Unaweza?"

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Kageha hakuwa mtu wa kujibu haraka. Tangu akiwa shule ya msingi kule Vihiga, walimu walidhani hajui, kumbe bado anaangalia. Aliangalia kovu, akaangalia mgongo wa msalaba: uzi mweupe wa bobini uliosongamana, mafundo, na kile kitambaa kigumu alichokitia chini ili kazi isikunjamane, alichokikata kwa haraka kikabaki mraba wenye pembe nne. Mafundi wenzake hukiita pepa, hata kama si karatasi. Bila pepa, sindano huvuta kitambaa, na kitu ulichotaka kiwe duara kinatoka kama kiazi. Alichagua ile nzito kwa sababu hushikilia vizuri. Hakufikiria kwamba upande wa pili kuna mtu.

"Niachie hii ya zamani," alisema mwishowe. "Na blauzi moja kuukuu."

*

Pepa alinunua Kawangware, kwa Nicanor. Alitoka kibandani kwake Sarang'ombe kwa miguu, akavuka Ngong Road, akapita kando ya zile kuta ndefu ambazo mbwa hubweka nyuma yake bila kuonekana, na saa tano akawa mbele ya duka, lililokuwa jembamba kiasi kwamba Nicanor alitembea ndani yake ubavuubavu kama kaa. Marobota yalisimama wima ukutani, yote meupe. Mgeni angedhani ni kitu kimoja.

"Kibera imefika," Nicanor alisema. "Nikukatie ile nzito?"

"Leo sitaki nzito."

"Umeanza kushonea malaika?"

Alimwomba ampe kipande kidogo cha kila aina. Nicanor alikata akihubiri, maana alipenda kuhubiri. Kitambaa kikiwa kigumu, weka pepa ya kurarua, ukimaliza unararua kama bahasha. Kikiwa cha kuvutika, kama sweta, weka ya kukata, hiyo inabaki humo maisha. Taulo au kitu chenye manyoya, weka ya maji juu yake, ukilowesha inayeyuka inapotea. Na hii neti, nyepesi, unaona mpaka vidole, ni ya mashati ya watu wa ofisi. Pepa, alisema, inachaguliwa na kitambaa.

"Na ngozi inachagua gani?"

Nicanor aliacha mkasi hewani. "Ngozi hainunui kwangu," alisema. Kisha akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali, na akamwongezea kipande cha neti ambacho hakukihesabu.

*

Alhamisi alidarizi misalaba mitatu kwenye vipande vya tetroni nyeupe. Kanzu mpya ilikuwa moja tu, haikuwa ya kujifunzia.

Wa kwanza aliuwekea pepa ya kurarua. Ulisimama vizuri, na pepa ikararuka kwa mlio wake mtamu. Lakini katikati ya nyuzi yalibaki meno madogo ambayo kibano hakikuweza kuyatoa yote. Alipojipitishia shingoni yalichoma kama ndevu za mwanamume aliyenyoa jana. Akautupa.

Wa pili aliuwekea ya maji peke yake. Akauosha kwenye beseni, na pepa ikaondoka, ukabaki uzi na kitambaa tu, laini kabisa, na kwa dakika chache alidhani amemaliza. Ulipokauka, tetroni ilikuwa imejikusanya, na msalaba umeinama kama mtu aliyechoka kusubiri. Pembeni, mahali maji hayakufika vizuri, ile pepa ilikuwa imegeuka kitu kikavu kama uji uliogandia sufuria.

Wa tatu aliuwekea neti. Kabla ya kuanza alikaa mbele ya kioo cha mashine akipunguza mishono. Msalaba wa zamani ulikuwa na mishono elfu tisa, umejaa kama ukuta. Aliushusha hadi elfu tano. Pepa nyepesi haiwezi kubeba ukuta.

Alikuwa akikata neti iliyozidi mlango ulipozibwa na Mama Omolo. Huyu ndiye aliyetunza kanzu za kanisa, mjane mrefu mwenye sauti ya kuamsha watu, na habari ilikuwa imemfikia. Hakukaa. Aliuliza kama msalaba wa Awiti utakuwa mahali pake. Kageha akasema ndiyo. Akauliza kama utakuwa kimo chake. Aliuchukua ule wa neti, akaupima kwa shubiri yake, akaugeuzageuza kwenye mwanga, upande wa mbele tu.

"Ni mwepesi," alisema.

"Ni mwepesi, lakini kimo ni kile kile, Mama."

"Kimo nimeona." Aliurudisha mezani. Alisema hana ubaya na Awiti, walikuja Nairobi mwaka mmoja, walilala chumba kimoja Silanga. Lakini leo mmoja ataomba mwepesi, kesho mwingine ataomba mdogo, keshokutwa kanisa litavaa vifungo. "Sisi wote tunauvaa, msichana wangu. Unawasha, sawa. Nani amekufa?"

Alipoondoka, mwanga ulirudi ndani, na Kageha akaendelea kukata. Safari hii hakukata mraba. Alizungusha mkasi ili pasiwe na pembe hata moja.

*

Ijumaa umeme ulipotea tangu asubuhi, na hilo halikumkasirisha. Alikuwa ameushikiza ule msalaba wa neti ndani ya blauzi kuukuu ya Awiti, na mgongo wake ameufunika kwa kitambaa laini cha dukani, kile chenye gundi, kinachoshikana ukikipiga pasi. Alimwomba Awiti aivae, alete kazi yake, akae naye.

Awiti alileta karai la omena, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akaanza kuchambua mawe na vichwa vilivyokatika. Harufu ilijaa chumbani. Alisema kanisa lisishangae bendera ikinukia samaki, na kwamba Petro naye hakunukia marashi. Kageha alikuwa akitoa nyuzi kwenye sweta za shule, na aliuliza mara moja tu.

"Unausikia?"

"Iko sawa, nyathina," Awiti alisema. Kila aliyempenda alimwita hivyo, mwanangu, kwa Kijaluo chake. "Iko sawa kabisa. Mungu akubariki mikono."

Wakaendelea na kazi. Njiani walipita watu wenye mitungi ya maji, mwenye mkokoteni wa makaa, wasichana wawili waliogombana kuhusu simu. Kageha hakuyatoa macho yake kwenye sweta, lakini alikuwa akimwona Awiti kwa pembe ya jicho, kama alivyokuwa akimwona mwalimu zamani.

Mikono ya Awiti ilikuwa na omena, kwa hiyo hakushika blauzi. Alikunja kiganja, na kwa mgongo wa kifundo cha mkono akaiinua nguo kutoka kifuani, kidogo tu, kama mtu anayepitisha hewa. Kisha akachambua. Kisha akainua. Hata yeye hakujua anafanya hivyo. Alikuwa katikati ya habari ya dada yake wa Homa Bay. Kufikia karai lilipobaki nusu, alikuwa ameinua mara saba.

Kageha aliiweka sweta chini.

"Mama Tonny. Si sawa."

"Ni sawa, nimekwambia."

"Umeinua nguo mara saba."

Awiti alitazama mkono wake kana kwamba umeitwa mahakamani. "Ni joto."

"Sio joto."

"Basi ni kidogo. Mzunguko wenyewe ni masaa matatu tu. Nitavumilia."

"Usivumilie," Kageha alisema. "Niambie ni wapi."

Awiti alichukua omena mmoja akamkata kichwa, ambacho hakikuhitaji kukatwa. Tangu hospitali, alisema, watu wamemfanyia mengi. Jirani aliyemwogesha, wauguzi, huyu aliyeleta unga, yule aliyeleta shuka. Na kila mmoja humuuliza kama ni sawa, akiwa ameshachoka usoni. Mtu hujifunza jibu.

"Nikianza kusema ni wapi, utachoka na mimi."

"Sijachoka. Umeme haupo, niende wapi?"

Hilo lilimchekesha Awiti. Alinawa mikono kwenye beseni, akaifuta kwa leso, akafumba macho. Kageha alichukua chaki ya fundi. Awiti aliweka kidole juu ya blauzi, pale panapomkwaruza, na Kageha akatia alama ya bluu. Kidole kikahama, alama nyingine. Hakikwenda katikati hata mara moja. Kiliporudi mwanzo, alama tisa zilikuwa zimezunguka msalaba kwa nje, mbali na uzi, zikifuata pale kitambaa cha gundi kilipoishia.

"Katikati hapana neno," Awiti alisema, macho bado yamefumbwa, kama aliyegundua naye sasa hivi. "Katikati naona hata ni pazuri. Ni pale unapoisha."

Kageha aliziangalia zile alama muda mrefu. Alikuwa amehangaika na pepa tatu akitafuta iliyo laini, na kovu halikuwa likiuliza habari ya ulaini. Liliuliza mpaka uko wapi. Kila alichokikata, hata kwa mviringo, kilikuwa na mwisho, na huo mwisho ulitembea juu ya ngozi.

*

Jumamosi alifika soko la Toi kabla wauzaji hawajamaliza kufungua marobota ya mitumba. Aliinamia rundo la fulana za ndani za wanaume, za pamba, akachagua taratibu. Hakuangalia rangi. Alichukua moja moja akaiweka shavuni, akaiacha hapo akihesabu pumzi, akairudisha.

"Siz, huyo alikuwa bwana yako?" muuzaji aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Bado namtafuta," Kageha alijibu, akachukua nyingine.

Aliyoipata ilikuwa kubwa, kuukuu, imefuliwa na watu asiowajua katika nchi asiyoijua mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa mpya. Aliichemsha, akaianika juu ya bati, na jua la saa nne likaikausha.

Umeme ulikuwa umerudi. Aliinyoosha kanzu mpya aliyoachiwa na Awiti kwenye fremu na neti chini yake, akaikaza mpaka ikalia kama ngozi ya ngoma ndogo alipoipiga kwa kidole. Akabonyeza. Sindano ilishuka. Kwa dakika kumi na mbili hakupepesa macho, mkono mmoja ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha, maana kanzu haikuwa na ndugu. Msalaba ulijaa polepole, mwekundu, na mishono yake elfu tano haikukaza wala kuvuta.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono. Aliikata fulana ikawa kipande kikubwa, kipana kuliko kifua. Hakuizungushia msalaba. Aliianzia kwenye mshono wa bega la kulia, mbali na kovu, akaileta chini ya shingo, akaipeleka mpaka mshono wa kwapa la kushoto, na huko chini akaiacha ishuke hadi mshipi unapofungwa. Kila ukingo aliuzika ndani ya mshono uliokuwepo tayari, au akaupeleka mahali ngozi ya Awiti bado ilikuwa ngozi. Hakutumia gundi. Alishona kwa uzi mmoja, sindano nyembamba, mishono midogo kama mbegu za mchicha, na kila baada ya shubiri alisimama, akalaza upande wa ndani wa mkono wake juu ya kazi, akavuta.

Awiti alikuja jua likiwa bado juu. Kageha alimpa kanzu na kumwachia chumba, akasimama nje akiwa amempa mgongo mlango. Alimsikia akivaa. Kisha hakusikia kitu. Muda ukapita, wa mtu kuvaa kanzu tatu.

"Mama Tonny?"

"Subiri," sauti ilisema ndani. "Bado natafuta pale unapoisha."

*

Jumapili Kageha alitoka ibada ya asubuhi ya kanisa lake, akapita Lindi, na badala ya kwenda nyumbani akasimama kando ya kibanda cha mboga, pale njia inapogawanyika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Ngoma zilisikika mbali, kwanza upande wa Silanga, zikapotea nyuma ya mabati, zikarudi karibu zaidi.

Bendera ilitangulia, imeshikwa na mwanamke kijana ambaye Kageha hakumjua. Akazihesabu kanzu zikipita, nyeupe, nyekundu kifuani, nyeupe, nyekundu, na mama wa mboga akamuuliza kama anamdai mmoja wao.

Awiti alikuwa wa nne. Hakubeba kitu. Alikuwa ndani ya mstari, akiimba na kurusha mikono yote miwili mbele na nyuma kama wenzake, matope yamemfika kwenye vifundo, jasho likimtiririka. Alimwona Kageha, akainua nyusi tu, maana mstarini hawapungi mkono.

Walisimama pale njia panda kuomba, kama desturi yao. Bendera ikachomekwa ardhini. Vichwa vikainama. Maombi yalipokwisha, na mpiga ngoma alipokuwa akikaza kamba, Mama Omolo alitoka mahali pake pa mbele, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama uso kwa uso na Awiti. Alimwambia kitu kwa sauti ya chini. Awiti alijibu kwa neno moja, akafungua kifungo cha pili cha kanzu yake.

Mama Omolo alitazama kulia na kushoto. Kisha akaingiza mkono wake mkubwa ndani, nyuma ya msalaba, mpaka kifundo kikapotea.

Ngoma ikaanza. Walio mbele wakapiga hatua mbili, wakaona mstari haujawafuata, wakasimama, wakaendelea kuimba papo hapo, miguu ikikanyaga tope. Mama Omolo hakuimba. Alikuwa ameinamisha kichwa kando, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani, na mkono wake wa pili, polepole, ukapanda kifuani pake mwenyewe, pale penye msalaba wake, na kuinua kitambaa kutoka kwenye ngozi, kidogo tu.